Mbwa wa Huduma na Ulemavu Usioonekana: Haki Zako, na Karatasi Usizopaswa Kuzinunua

Tuchukue mfano wa mama mmoja anayeingia katika duka la vyakula asubuhi ya Jumamosi, katika mji wowote wa Marekani. Anatembea bila mkongojo. Anaona vizuri, anasikia vizuri, na kikapu chake anakibeba mwenyewe. Pembeni yake yuko mbwa aliyefungwa kamba, ametulia kimya. Mlinzi wa mlangoni anamsimamisha: "Mama, mbwa haruhusiwi humu." Mama anajibu kwamba huyo ni mbwa wa huduma. Mlinzi anamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha anauliza kwa sauti inayosikiwa na foleni nzima: "Mbona wewe si kipofu? Unaumwa nini? Cheti chake kiko wapi?"

Mama huyo ana kifafa. Hapendi kuutaja ugonjwa wake mbele ya majirani, kwa kuwa anayajua maneno yatakayofuata. Anarudi nyumbani bila unga wala mafuta. Jioni mwanawe anamtafutia kwenye intaneti tovuti inayouza "cheti rasmi cha taifa", kitambulisho chenye picha ya mbwa na kizibao chekundu. Mama analipa kwa kadi ya benki, akiamini kwamba sasa amepata ruhusa.

Katika kisa hicho kifupi yametokea makosa mawili. La kwanza ni la mlinzi, aliyeuliza asichoruhusiwa kuuliza. La pili limemwangukia mama, aliyelipia karatasi isiyo na nguvu yoyote mbele ya sheria. Makala haya yanakusudia kuyazuia yote mawili. Yanaeleza mbwa wa huduma ni nani, wenye biashara wanaweza kukuuliza nini, ni wapi hasa karatasi huhitajika, na jinsi ya kulinda fedha zako.

Ulemavu usioonekana ni upi?

Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu, ijulikanayo kwa kifupi kama ADA, ilitiwa saini tarehe 26 Julai 1990. Kwa mujibu wa sheria hiyo, mtu ana ulemavu iwapo hali yake ya mwili au ya akili inamzuia kwa kiasi kikubwa kutekeleza shughuli kuu za maisha, kama vile kutembea, kuona, kusikia, kula, kulala, kufikiri au kufanya kazi. Hakuna mahali sheria inaposema kwamba ulemavu lazima uonekane kwa macho.

Marekebisho yaliyopitishwa mwaka 2008 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2009 yaliongeza jambo muhimu: hali inayokuja na kuondoka nayo huhesabiwa kuwa ulemavu, iwapo inapokuja humzuia mtu kwa kiasi kikubwa. Kifafa ni mfano mzuri. Mgonjwa anaweza kukaa wiki kadhaa akiwa mzima kabisa, kisha akaanguka ghafla jikoni au barabarani. Uzima wake wa jana haufuti ulemavu wake.

Hali nyingine ambazo jicho la mpita njia halizioni ni pamoja na kisukari, usonji, baadhi ya magonjwa ya moyo, upungufu wa kusikia, na kiwewe kinachobaki akilini baada ya vita au mateso. Miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili waliopewa makazi nchini Marekani wako wengi waliokimbia vita vya mashariki mwa Kongo na vya Burundi. Wapo wanaoamka usiku wakipiga kelele, na wapo wasioweza kusimama katikati ya umati bila moyo kwenda mbio. Hao wanapaswa kujua kwamba hali yao, ikiwa inawazuia kuishi maisha ya kawaida, inaweza kuingia katika maana ya ulemavu inayotambuliwa na sheria.

Kazi ndiyo inayomfanya mbwa kuwa wa huduma

Watu wengi wamezoea kumwona mbwa anayemwongoza kipofu. Mazoea hayo yana historia ndefu: shule ya kwanza ya mbwa viongozi nchini Marekani, The Seeing Eye, ilianzishwa mwaka 1929. Ndiyo sababu mtu anayeona vizuri akiwa na mbwa dukani hutiliwa shaka. Lakini sheria ya leo inatazama mbali zaidi ya upofu.

Kanuni za Wizara ya Sheria ya Marekani zilizoanza kutumika tarehe 15 Machi 2011 zinaeleza kwamba mnyama wa huduma ni mbwa aliyefundishwa kufanya kazi maalumu kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu, na kazi hiyo lazima ihusiane moja kwa moja na ulemavu wa mtu huyo. Paka, kasuku na wanyama wengine hawamo. Farasi wadogo tu ndio waliowekewa kifungu chao cha pekee.

Kwa mtu mwenye ulemavu usioonekana, kazi ya mbwa inaweza kuwa mojawapo ya hizi:

• Kumlinda mwenye kifafa anapoanguka: kukaa karibu naye, kubweka ili kuita msaada, au kubonyeza kitufe cha dharura.

• Kumshtua mwenye kisukari anapotambua kwa harufu kwamba sukari yake inashuka, na kumletea kifuko chenye dawa au juisi.

• Kumgusa kwa pua au kwa mguu asiyesikia vizuri, pindi mlango unapogongwa au king'ora cha moto kinapolia.

• Kumwamsha mtu mwenye kiwewe anapopatwa na jinamizi, kumwashia taa, au kumlalia miguuni kwa uzito wake hadi hofu itulie.

• Kumkumbusha mgonjwa kumeza dawa kwa saa iliyowekwa.

• Kumzuia mtoto mwenye usonji asitoroke na kuingia barabarani.

Katika mifano hiyo yote mbwa amefundishwa kutenda jambo fulani kwa wakati fulani. Hapo ndipo ulipo mpaka kati ya mbwa wa huduma na mnyama wa faraja. Mnyama wa faraja humtuliza mwenyewe kwa kuwapo tu. Faida hiyo ni ya kweli, na daktari anaweza kuithibitisha, lakini chini ya sheria ya ADA mnyama huyo hana haki ya kuingia madukani wala mikahawani. Mbwa anayekaa miguuni mwa mwenye huzuni akamliwaza ni mnyama wa faraja. Mbwa aliyefundishwa kutambua dalili za hofu kuu na kumtoa mwenyewe nje ya umati kabla haijamzidi ni mbwa wa huduma.

Mambo matatu zaidi hayana budi kufahamika. Kwanza, mbwa wa huduma anaweza kuwa wa aina yoyote na wa ukubwa wowote. Pili, si lazima afundishwe na shirika. Unaruhusiwa kumfundisha mwenyewe. Tatu, si lazima avae kizibao wala alama yoyote. Hata hivyo, mbwa ambaye bado anafundishwa hajapata ulinzi wa ADA. Baadhi ya majimbo yana sheria zake zinazomruhusu, hivyo ulizia jimboni mwako kabla ya kutoka naye.

Maswali mawili tu

Pale ambapo ulemavu wa mtu au kazi ya mbwa haionekani wazi, mfanyakazi wa duka, hoteli, mkahawa, hospitali au ofisi ya serikali anaruhusiwa kuuliza maswali mawili:

1. Je, huyu ni mbwa wa huduma anayehitajika kwa sababu ya ulemavu?

2. Mbwa huyu amefundishwa kufanya kazi gani?

Baada ya hapo maulizo yamekwisha. Mfanyakazi haruhusiwi kukuuliza unaumwa nini. Haruhusiwi kudai barua ya daktari, kitambulisho cha mbwa au cheti cha mafunzo. Haruhusiwi kukutaka umwamuru mbwa aonyeshe kazi yake. Haruhusiwi kukuketisha kando na wateja wengine, wala kukutoza ada ya mnyama. Hoteli haiwezi kukulipisha gharama za kusafisha manyoya, ingawa mbwa akiharibu kitanda au zulia unaweza kulipishwa kama anavyolipishwa mgeni mwingine yeyote aliyeharibu mali.

Ni vyema ukawa na jibu la swali la pili tayari kabla ya kutoka nyumbani. Jibu hilo litaje kazi. Ugonjwa hauhitaji kutajwa. Mama wa mfano wetu angeweza kusema: "Ndiyo, ni mbwa wa huduma. Amefundishwa kuita msaada na kunilinda nikianguka." Kwa maneno hayo amelijibu swali kikamilifu, na siri ya afya yake imebaki kwake. Kinyume chake, jibu la kusema "ananifanya nijisikie vizuri" halitaji kazi yoyote iliyofundishwa, na mfanyakazi anaweza kulikataa kwa haki.

Mzio wa wateja wengine au hofu yao ya mbwa si sababu ya kukuzuia. Pale inapowezekana, pande zote mbili hutengewa nafasi mbalimbali ili kila mmoja ahudumiwe. Hospitalini unaweza kuingia naye katika vyumba vya wagonjwa na mkahawani, lakini si katika chumba cha upasuaji wala wodi ya walioungua, ambako usafi wa hali ya juu hulindwa.

Biashara ya vyeti

Hapa ndipo fedha za watu wengi zinapopotea. Mtandaoni ziko tovuti nyingi zinazojiita "rejista ya taifa" au "ofisi ya usajili" wa mbwa wa huduma. Zina nembo zenye tai na nyota, mihuri ya rangi ya dhahabu, na maneno yanayofanana na ya serikali. Unajaza jina lako, jina la mbwa na namba ya kadi yako, kisha baada ya siku chache unaletewa cheti, kitambulisho na kizibao. Hakuna anayemwona mbwa. Hakuna anayeuliza amefundishwa nini. Ungeweza kumsajili mbwa wa jirani, au hata mbwa asiyekuwapo duniani.

Ukweli ni huu: serikali ya Marekani haina rejista ya mbwa wa huduma, wala haitoi cheti chao. Wizara ya Sheria imesema wazi kwamba haizitambui karatasi zinazouzwa mtandaoni kuwa ushahidi kwamba mbwa ni wa huduma. Mbwa aliyefundishwa ni wa huduma hata kama hana karatasi hata moja, na mbwa asiyefundishwa si wa huduma hata akivishwa vizibao kumi.

Usichanganye usajili huo wa kubuni na leseni ya kawaida ya mbwa. Miji mingi hutaka kila mbwa awe na leseni na chanjo ya kichaa cha mbwa. Sharti hilo linamhusu mbwa wa huduma pia, na linatekelezwa katika ofisi ya mji au ya wilaya yako.

Madhara ya biashara hii hayaishii kwenye dola zako. Kila mara mtu anaponunua kizibao na kumwingiza dukani mbwa anayebweka na kurukia watu, mwenye duka hujifunza kutomwamini anayefuata. Na anayefuata mara nyingi ni mtu kama yule mama, ambaye hana kidonda wala mkongojo wa kuonyesha. Ndiyo sababu majimbo kadhaa yameufanya udanganyifu huu kuwa kosa la jinai. California, kwa mfano, humwadhibu anayedai kwa makusudi na kwa uongo kwamba mbwa wake ni wa huduma kwa kifungo kisichozidi miezi 6, faini isiyozidi dola 1,000, au vyote viwili. Tangu tarehe 1 Januari 2022, jimbo hilo pia linawataka wauzaji wa mbwa wa faraja, na wauzaji wa vyeti na vizibao vyao, kumwarifu mnunuzi kwa maandishi kwamba mnyama huyo hana haki za mbwa wa huduma.

Ukikutana na mojawapo ya dalili zifuatazo, funga mkoba wako:

• Tovuti inasema kwamba usajili ni wa lazima kisheria.

• Inaahidi kwamba kitambulisho chake kitakufungulia kila mlango.

• Inatoa cheti bila mtu yeyote kumwona mbwa wala kuuliza kazi yake.

• Inadai malipo ya kila mwaka ili jina lako lisifutwe.

• Inauza barua ya daktari kwa dakika chache, kutoka kwa mtu asiyekufahamu na asiye na nia ya kukutibu.

Ukitaka kununua mbwa aliyefundishwa

Tofauti na cheti, mbwa aliyefundishwa vyema ni kitu cha thamani halisi. Mafunzo yake huweza kuchukua hadi miaka 2, na gharama huweza kufikia makumi ya maelfu ya dola. Yako mashirika yasiyo ya kibiashara yanayotoa mbwa bila malipo, ingawa foleni yake mara nyingi ni ya mwaka mmoja au zaidi. Subira hiyo ina uchungu kwa mgonjwa, na walaghai wanaijua. Humwendea mzazi aliyechoka kukesha kando ya kitanda cha mtoto, wakamwambia: "Lipa leo, mbwa atakuja mwezi ujao."

Mwaka 2018, Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Virginia alilishtaki shirika moja lililokuwa likiuza mbwa wa kuwatahadharisha wenye kisukari. Madai yalikuwa kwamba familia zilizolipa maelfu ya dola zilipelekewa mbwa wachanga ambao hawakuwa na mafunzo waliyoahidiwa. Funzo la kesi hiyo ni kwamba bei kubwa si ushahidi wa ubora.

Kabla ya kutia saini mkataba au kutoa amana, muulize muuzaji maswali haya na utake majibu kwa maandishi:

• Mbwa huyu amefundishwa kazi zipi hasa, na nani, na kwa muda gani?

• Je, ninaweza kumwona akifanya kazi kabla ya kulipa?

• Je, nitafundishwa jinsi ya kufanya naye kazi, na msaada utaendelea kwa muda gani baada ya kumpokea?

• Mbwa akishindwa kazi au akiugua, fedha zangu zitarudishwa au nitapewa mwingine?

• Je, ninaweza kuzungumza na watu waliopata mbwa kwenu?

Waweza pia kuuliza kama shirika limethibitishwa na Assistance Dogs International, muungano wa kimataifa wa mashirika ya mbwa wasaidizi. Uthibitisho huo ni wa hiari na unalihusu shirika. Sheria haiudai kwa mbwa wako. Hata hivyo, unaonyesha kwamba shirika limekubali kukaguliwa na wengine.

Jihadhari zaidi na ahadi zinazopita uwezo wa mnyama. Kumfundisha mbwa asaidie baada ya mtu kuanguka kifafa ni jambo linalowezekana. Kumhakikishia mnunuzi kwamba mbwa atatabiri kila shambulio kabla halijatokea ni ahadi isiyoweza kutimizwa. Vivyo hivyo, mbwa wa mwenye kisukari hachukui nafasi ya kipimo cha sukari. Endelea kupima na kutumia dawa kama ulivyoagizwa na daktari.

Mahali ambapo karatasi huhitajika kweli

Walaghai hufaulu kwa sababu katika maneno yao huchanganya uongo na chembe ya ukweli. Ziko sehemu tatu ambako unaweza kuombwa maandishi, lakini maandishi hayo si yale yanayouzwa mtandaoni.

Nyumba ya kupanga. Makazi yanasimamiwa na sheria nyingine, ile ya Usawa katika Makazi ya mwaka 1968, ambayo tangu mwaka 1988 inawalinda pia wenye ulemavu. Hata kama jengo lina kanuni ya kukataza wanyama, mwenye nyumba hutakiwa kulegeza kanuni hiyo kwa kiasi kinachofaa iwapo mpangaji anamhitaji mnyama kwa sababu ya ulemavu. Mbwa wa huduma hahesabiwi kuwa mnyama wa kufugwa kwa mapenzi, kwa hiyo ada na amana za wanyama hazimhusu. Iwapo ulemavu wako hauonekani, mwenye nyumba anaweza kuomba uthibitisho wa kuaminika kwamba una ulemavu na kwamba unamhitaji mnyama huyo. Barua ya daktari au mshauri wa afya ya akili anayekutibu hutosha kwa kawaida, na si lazima itaje jina la ugonjwa. Majengo machache madogo, kama yale yenye nyumba zisizozidi 4 ambamo mwenye mali mwenyewe anaishi, hayafungwi na sheria hii.

Ndege. Kanuni za Wizara ya Uchukuzi zilizoanza kutumika mwezi Januari 2021 zinamtambua mbwa wa huduma, akiwamo wa mwenye ulemavu wa akili, lakini zinaruhusu mashirika ya ndege kumhesabu mnyama wa faraja kuwa mnyama wa kawaida. Shirika linaweza kukutaka ujaze fomu ya Wizara kuhusu afya, tabia na mafunzo ya mbwa, na kuiwasilisha hadi saa 48 kabla ya safari. Fomu hiyo ni ya bure. Anayekuuzia anakuibia. Uijaze kwa ukweli, kwani kusema uongo ndani yake ni kosa la jinai la shirikisho.

Kazini. Mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi hutakiwa kulizingatia ombi lako la kuja na mbwa wa huduma kama anavyozingatia maombi mengine ya kumwezesha mwenye ulemavu kufanya kazi. Ikiwa hali yako haionekani, anaweza kuomba maelezo ya daktari. Maelezo hayo hayana budi kutunzwa kwa siri.

Wajibu wa mwenye mbwa

Haki hii imefungamana na wajibu. Mbwa lazima awe chini ya uangalizi wako wakati wote, akiwa amefungwa kamba au mkanda, isipokuwa pale kamba inapoizuia kazi yake au hali yako haikuruhusu kuishika. Hapo utamtawala kwa sauti au ishara. Lazima awe amefundishwa kujisaidia nje. Iwapo atabweka ovyo au kurukia watu nawe usimdhibiti, mwenye biashara anaweza kukutaka umtoe. Hata hapo, hana budi kukupa nafasi ya kuhudumiwa bila mbwa.

Neno kwa wenye maduka na madereva

Wasomaji wetu si wateja tu. Wako wenye maduka, wapishi, madereva wa teksi na walinzi wa milangoni. Wengi wetu tumelelewa mahali ambapo mbwa ni mlinzi wa boma, hulala nje na haingii sebuleni. Kwa Waislamu wengi, mate ya mbwa ni najisi inayopaswa kuoshwa kabla ya swala. Sheria haikulazimishi kumgusa mbwa, kumlisha wala kumtunza. Hiyo ni kazi ya mwenyewe. Inakutaka umruhusu apite na bwana wake. Dereva wa teksi hawezi kumwacha abiria barabarani wala kumwongezea nauli kwa sababu ya mbwa wa huduma. Mwenye kuchelea najisi anaweza kutandika shuka kwenye sakafu ya gari kisha akaifua. Misikiti na makanisa yenyewe hayafungwi na ADA, na uamuzi wa kumruhusu mbwa umo mikononi mwa viongozi wao.

Ukikataliwa au ukitapeliwa

Usigombane mlangoni. Omba kuzungumza na meneja, umweleze kwa upole kuhusu maswali mawili yanayoruhusiwa. Wengi hukosea kwa kutojua, na wakielezwa hukubali. Iwapo bado umekataliwa, andika siku hiyohiyo tarehe, saa, mahali na maneno yaliyosemwa, na majina ya mashahidi ukiyapata. Kisha toa taarifa:

• Duka, mkahawa, hoteli, teksi au hospitali: Wizara ya Sheria, kupitia ada.gov, au simu ya maelezo ya ADA 800-514-0301.

• Nyumba: Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji, simu 800-669-9777. Lalamiko lifike ndani ya mwaka 1.

• Ndege: ukiwa uwanjani, muulize mfanyakazi wa shirika akuitie afisa wao wa kutatua malalamiko ya abiria wenye ulemavu. Simu ya Wizara ya Uchukuzi ni 800-778-4838.

• Kazini: Tume ya Fursa Sawa za Ajira, simu 800-669-4000. Usichelewe, kwani katika majimbo mengine muda ni siku 180 tu.

• Umeuziwa cheti au mbwa kwa ulaghai: Tume ya Biashara ya Shirikisho, simu 877-382-4357, na ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo lako. Kama ulilipa kwa kadi, iarifu benki yako mara moja na uyapinge malipo hayo.

Unapopiga simu ofisi za serikali, uliza kama kuna mkalimani wa Kiswahili.

Tumrudie yule mama. Jumamosi inayofuata anarudi katika duka lilelile. Kizibao amekiacha nyumbani, na benki imekwisha kuarifiwa kuhusu malipo yale. Mlinzi ni mwingine, naye anauliza maswali mawili, wala hapitilizi. Mama anajibu kwa sentensi moja. Kisha anachukua kikapu chake, na mbwa wake anamfuata kuelekea kwenye unga na mafuta.